Udongo wa Kwa Nguzo

Jumatatu, 12 Novemba 2012

Leo nimekabidhiwa kufuli moja na eneo la ekari tatu lisilo na lango. Ndivyo serikali yetu ilivyo, kufuli linatangulia, lango litafuata. Kuanzia leo mimi Khatibu, bwana afya, mzaliwa wa Muheza, miaka hamsini na mmoja, sikagui tena mabucha ya Kasulu. Nasimamia usafishaji wa kiwanda cha nguzo.

Kiwanda chenyewe kilikufa zamani. Walikuwa wakileta magogo ya mikaratusi, wakiyaingiza kwenye pipa la chuma refu kuliko basi na kuyashindilia dawa ya kijani ili mchwa wasiyale. Yakitoka hapo ni nguzo za umeme na simu. Mwenye mali alipofariki wanawe wakauza mabati, na watu wakajenga mpaka ukutani. Mtaa ukaitwa Kwa Nguzo. Kilichobaki ni pipa, shimo la zege lenye maji ya kijani, na kilima cha udongo upande wa barabara. Kazi yangu ni kuweka uzio, kupokea wataalamu wa kupima sumu, kisha kusimamia inavyoondolewa. Nilimuuliza mkuu wangu, Bwana Elisante, wataalamu wanakuja lini. Akasema, "Karibuni." Neno hilo nalijua.

Nimepanga nyumba hukuhuku mtaani. Baridi ya milima hii inauma mifupa.

Jumatano, 14 Novemba

Mvua kutwa. Nimesimika bango la HATARI USIINGIE. Ng'ombe amejikuna nalo likaanguka. Nimelisimika tena.

Jumatatu, 19 Novemba

Leo nimejua kwa nini mtaa huu wananiangalia kama mtu mwenye deni nao. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ndiye aliyenifumbua macho. Ni mama mjane, Vestina Nkunzimana, ila mtaa mzima humwita Mama Recho, kwa jina la binti yake aliyeolewa Buhigwe. Kazi yake ni kukandika vihenge vya nafaka. Alinisimamisha njiani nikiwa nakimbia mvua na nyundo zangu.

"Bwana Afya, wewe unasalimia kama unafukuzwa," akasema.

Nikamwambia kwetu mtu husema habari, akaitikiwa nzuri, safari ikaendelea. Akatikisa kichwa. Huku, kasema, mtu anasimama, anaweka chini alichobeba, anapiga makofi taratibu na kuinama kidogo, anasema mwakeye, halafu anauliza nyumba ya mwenzake mtu kwa mtu. Usipoweka mzigo chini hujasalimia, umepita tu. Basi nikaweka nyundo kwenye tope, mtu mzima mimi, nikapiga makofi mvuani. Alicheka mpaka akashika mbavu. Ila alinirekebisha kwa adabu.

Jumapili, 25 Novemba

Binti yangu amepiga simu kutoka Tanga. Dakika nne. Mama yake alipokuwa hai simu ilikuwa inakaa saa nzima, kumbe dakika zote zilikuwa zake, mimi nilikuwa napewa niseme hujambo.

Alhamisi, 29 Novemba

Nimeweka mizigo chini mara tisa kati ya nyumbani na kazini. Nimechelewa nusu saa. Mwenyekiti wa mtaa, Nestori, ameniita ndugu yangu.

Jumanne, 4 Desemba

Nguzo za uzio zimekamilika, waya haujaja. Mama Recho alifika na beseni kichwani. Aliliweka chini, akasalimia, akauliza habari za binti yangu na za mkwe wangu, kisha akasema, "Bwana Afya, ule udongo wa upande wa barabara, naweza kuchukua kidogo? Msimu wa kukandika umefika."

Nikamuuliza udongo wa uani kwake una nini.

"Wa kwangu mchwa wanaupenda. Ule hawausogelei. Nimeuangalia miaka yote, sijaona hata njia moja ya mchwa. Lakini kuna bango, ndiyo nikaona niulize kwanza."

Nikacheka, nikamwambia kumbe mchwa wa Kasulu nao wanachagua. Nikafungua ramani niliyopewa. Sumu imechorwa kwenye shimo na chini ya pipa. Kilima kiko mbali na vyote viwili, kimeandikwa udongo tu. Nikamwambia bango ni la shimo, achukue anaotaka.

Jioni akanitumia bakuli la maharage ya mawese. Mimi mtu wa nazi, mawese nilikuwa nayaona kama mafuta ya taa. Nimekula yote na kufuta bakuli kwa kidole.

Jumanne, 11 Desemba

Malori ya Mtabila yamepita tena leo, yamejaa watu na magodoro. Kambi inafungwa mwezi huu, Warundi wote wanarudishwa kwao. Kijiweni kwa muuza kahawa ndiyo mazungumzo ya kutwa: nani kapanda lori, nani kajificha mashambani, nani anajiita Muha tangu jana. Mama Recho aliletwa nchi hii akiwa mgongoni kwa mama yake, mwaka wa sabini na mbili, na karatasi ya uraia anayo ndani ya bati la biskuti. Hata hivyo malori yakipita haendi barabarani.

Jumatano, 12 Desemba

Mvua.

Jumanne, 25 Desemba

Krismasi. Mama Recho amenialika mchana. Mezani tulikuwa sisi wawili na mama mzee Theodosia wa nyumba ya tatu, ambaye haonji chakula bila kukisema vibaya kwanza. Kuku alichinjwa na kijana wa msikitini kwa ajili yangu, Mama Recho alimpelekea mwenyewe kule. Sijui nieleze vipi jambo hilo lilivyonishika. Tangu mke wangu afariki hakuna aliyewahi kufikiria nitakula nini.

Jumatano, 16 Januari 2013

Maharage yamekomaa, mtaa mzima unapura. Kila uani fimbo zinapiga, maganda yanaruka mpaka kwenye chai. Mama Recho ameshakandika vihenge kumi na kimoja vya watu, na cha kwake cha kumi na mbili. Anachanganya udongo na mavi ya ng'ombe, anausawazisha kwa kiganja, kikikauka kinakuwa na rangi ya kijani kwa mbali. Nestori ameniambia mwaka huu hakuna atakayelia na wadudu. Nikajisikia kama nimechangia.

Jumanne, 29 Januari

Wataalamu wamefika. Wawili, na viatu vya mpira virefu. Wamechota udongo kila kona, wakatia kwenye chupa. Wamechota na kwenye kilima. Nikawaambia hicho kilima hakina neno. Mmoja akaniangalia, akaendelea kuchota.

Ijumaa, 8 Februari

Mbuzi wawili wa Nestori wamekufa. Walikuwa wanalamba kihenge chake tangu juzi, kuna chumvichumvi, walikuwa hawabanduki. Leo asubuhi wamekutwa wamevimba. Nimeenda kuwaona. Kwenye ukuta wa kihenge kuna alama za ndimi, nyeupe, kutoka chini mpaka wanapofikia.

Sikula mchana. Maharage ya Mama Recho yalikuwa mezani, bakuli limefunikwa.

Jumatano, 13 Februari

Majibu yamekuja. Nimesoma karatasi mara nne kama mtu anayetafuta jina lake asilikute.

Kilima ndicho kibaya kuliko vyote. Zamani nguzo zikitoka kwenye pipa zilikuwa zinalazwa uwanjani zichuruzike, na dawa ikinywewa na ardhi. Walipofunga kiwanda wakaukwangua ule uwanja, wakaulundika kando ya barabara, yakaisha. Ramani niliyopewa ilichorwa baadaye na mtu asiyejua. Aseniki, yaani sumu yenyewe ya kuulia panya na watu. Ndiyo maana mchwa hawasogei. Mchwa walijua, mimi mwenye cheti sikujua.

Amri ni kwamba vihenge vyote vilivyokandikwa vibomolewe na nafaka iliyomo isiliwe na mtu wala mnyama. Familia kumi na mbili, mavuno ya msimu mzima.

Bwana Elisante amenipigia. Cha kwanza alichouliza ni, "Nani aliruhusu udongo utoke?" Nikamwambia nafuatilia.

Nafuatilia. Nimeliandika neno hilo nilione.

Jumamosi, 16 Februari

Mkutano ulikuwa saa nne, uwanja wa shule. Nimerudi saa nane na sijavua hata viatu, naandika.

Bwana Elisante alieleza habari ya sumu vizuri, kwa upole. Alipofika kwenye maharage, watu wakaanza kusema wote pamoja. Nestori alinyanyua mkono mpaka wakatulia, akasema tunaanza na jambo moja. Udongo ulifikaje majumbani? Bango lilikuwepo, kila mtu aliliona.

Mtu wa nyuma akasema, "Aliyetukandikia si yule pale?"

Mama Recho alikuwa amekaa na wanawake. Akasimama, akakunja kanga vizuri kiunoni. Nestori akamwita, "Vestina." Miaka yote ni Mama Recho, leo ni Vestina.

"Vestina, nani alikuambia uchukue udongo wa pale?"

Mimi nilikuwa mezani upande wa kushoto wa Bwana Elisante, na karatasi za majibu mikononi. Nilikuwa natafuta ukurasa wenye orodha ya vihenge. Kurasa zilikuwa zimegandana kwa unyevu.

"Unaulizwa. Nani alikuambia?"

Nilikuwa bado natafuta ukurasa.

Mara ya tatu Nestori aliuliza kwa sauti ya chini kabisa, hiyo ndiyo ilinitisha. Mama Recho akasema, "Niliuchukua mwenyewe."

Basi yakawa yale. Mmoja akasema Mtabila imefungwa lakini wenyewe wamebaki kutulisha sumu. Mwingine akasema hata kihenge chake mwenyewe kakikandika kwa udongo huo, mtu hajitii sumu mwenyewe, akazomewa. Nestori alisema ataandika barua kwa watu wa uhamiaji waje waikague ile karatasi ya uraia vizuri, aliipataje na kwa nani. Jumamosi ijayo barua itasomwa mbele ya mtaa na kupelekwa. Bwana Elisante akaniinamia sikioni, "Afadhali imejulikana." Nikaitikia kwa kichwa.

Niliitikia kwa kichwa. Nilijiambia nitasema baadaye, kwa maandishi, kwa utaratibu. Nilifikiria pensheni, miaka tisa imebaki. Nilifikiria binti yangu akisikia. Sababu zilikuja nyingi, zimejipanga foleni.

Jumapili, 17 Februari

Binti hakupiga. Nilishukuru.

Jumanne, 19 Februari

Nimemwona Mama Recho akitoka mtoni na ndoo. Alikutana na wanawake wawili. Akaweka ndoo chini, akapiga makofi, akainama. Wakapita. Akakutana na mke wa Nestori. Akaweka ndoo chini, akapiga makofi. Naye akapita. Kutoka mtoni mpaka kwake ameiweka ndoo chini mara tano na kuinyanyua mara tano, na hakuna hata mmoja aliyemwitikia. Hakuacha. Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha langu, nimeshika pazia.

Jumatano, 20 Februari

Mvua ya mawe. Kijiweni nimekaribishwa kahawa na kupishwa benchi. Wananionea huruma kwamba kazi yangu imeharibiwa na mtu. Nimeinywa.

Alhamisi, 21 Februari

Recho amekuja kutoka Buhigwe kumchukua mama yake. Ukuta ni mwembamba. Nimemsikia akisema, "Mama, tuondoke kabla barua haijaenda. Wakianza kuuliza hawaachi." Na mama yake akasema, "Nikiondoka itakuwa kweli."

Jumamosi, 23 Februari

Nimesema.

Nestori alikuwa amesimama na barua, ameshaifungua. Nikanyanyuka kabla hajaanza, kiti kikaanguka nyuma yangu. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kiofisi, yote yakanitoka. Nikasema, "Mimi ndiye niliyemruhusu. Tarehe nne Desemba alikuja kuniomba, akaniuliza habari ya bango, nikamwambia bango ni la shimo, achukue anaotaka. Yeye hakuiba. Aliuliza serikali, na serikali ilikuwa mimi."

Bwana Elisante akasema taratibu, "Khatibu, kaa chini." Sikukaa.

Nestori akanigeukia. "Na Jumamosi iliyopita ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale pale."

"Ulikuwa na ugonjwa wa koo?"

Wengine walicheka. Mama Theodosia akauliza kutoka kwenye mkeka wake kama na mimi nimekula hayo maharage. Nikamwambia nimekula, kila wiki. Akasema, "Basi na wewe ukapimwe," akarudi kwenye ugoro wake. Nestori akakunja ile barua mara mbili, akaitia mfukoni, akamgeukia Mama Recho. Akaweka fimbo yake chini mbele ya mtaa wote, akapiga makofi, akainama. "Mwakeye, Mama Recho." Naye akamwitikia, mtu kwa mtu, mke wake, watoto, mpaka wale mbuzi.

Nilirudi nyumbani mwepesi. Nikasema moyoni, haya basi, yamekwisha.

Jumanne, 26 Februari

Siku ya kubomoa. Vibarua, glovu, barakoa, mapipa ya plastiki yenye vifuniko. Nyumba kumi na mbili.

Kwa Mama Recho hakutaka kibarua amwagie. Alivaa glovu akamimina mwenyewe, debe kwa debe, maharage mekundu na yale ya madoadoa aliyoyachagua kwa mkono. Mama Theodosia alilia kwa sauti kwa niaba yake. Yeye hakulia. Kifuniko kilipofungwa aliuliza maharage yatapelekwa wapi, nikamwambia yatafukiwa pamoja na udongo wenyewe kwenye shimo lenye zege, mbali na maji. Akasema, "Ego." Neno hilo tu, ndiyo ya huku. Alilielekeza kwenye pipa.

Ijumaa, 1 Machi

Mama Theodosia amepita nyumba kwa nyumba na kikapu, kwa wale ambao vihenge vyao havikukandikwa. Kila mmoja ametoa bakuli, wenye vihenge kumi na viwili wagawane. Kwangu alipita bila kubisha. Nilimkimbilia na mfuko wa mchele. Akaupokea, akasema mchele wenyewe umevunjikavunjika.

Jumatatu, 4 Machi

Barua. Onyo la maandishi, na uhamisho wa kwenda Kibondo, kuanzia tarehe kumi na moja. Nitakagua mabucha. Eneo anakabidhiwa mtu mwingine. Waya wa uzio umefika leo.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Hakuna bakuli tangu mwezi uliopita. Silitarajii, lakini jioni sikio langu huwa mlangoni.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeenda kuaga. Aliitika salamu zote, hakuruka mtu, hata mkwe wangu alimuuliza. Ila hakunikaribisha ndani. Tulisimama chini ya upenu, mvua inachuruzika katikati ya miguu yetu.

Nikamwomba msamaha wa maharage. Nilikuwa nimejiandaa vizuri, nikaeleza ramani, kilima, yule aliyechora.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Bwana Afya, udongo nilikusamehe siku ileile niliposikia. Ulikuwa hujui. Hata mimi nilikuwa sijui, na mimi ndiye niliyeushika."

Nikamshukuru. Nikafikiri tumemaliza.

"Siku ya mkutano wa kwanza ulikuwa unajua," akasema. "Nestori aliuliza mara tatu. Kila alipouliza nilikuangalia. Nilisema moyoni, nimpe nafasi, ni mtu mkubwa, mtu mkubwa hatajwi mbele za watu, anajitaja mwenyewe. Mara tatu nilikuangalia."

Nikamwambia, "Sikuona, Mama Recho. Wallahi nilikuwa natafuta ukurasa."

Aliniangalia tena, ya nne hiyo.

"Ego," akasema. "Safari njema." Akaingia ndani, akarudisha mlango, si kwa nguvu.

Jumatatu, 11 Machi

Kibondo. Chumba kina dirisha moja, linatazama ukuta wa jirani. Mwenye nyumba amenionyesha choo na swichi. Hapa hakuna anayenijua, wema wangu wala ubaya.

Jumatano, 13 Machi

Nimeanza barua kwa Mama Recho mara tatu. Ya kwanza nilianza na habari za Kibondo, nikaichana. Ya pili nilianza na mavuno ya msimu ujao, nikaichana. Ya tatu nilianza kueleza tena habari ya ule ukurasa, jinsi unyevu ulivyogandisha karatasi. Hiyo nilifika nusu.

Leo mchana nimemkabidhi dereva wa basi la Kasulu barua ya nne. Nimeweka salamu zote, za nyumba yake mtu kwa mtu, na chini yake mstari mmoja: Nilikuona, mara zote tatu.